Faini ya Bidoni Moja

Watu wa Rubondo, kijiji cha wakimbizi kambini Nakivale, hawakuhitaji kuambiwa kwamba mkutano wa klabu umekwisha. Kila Alhamisi jioni, wakimwona Umuhire anapanda kilima na bidoni la njano la maji kichwani, kitenge amekifunga imara kiunoni na uso ameukunja kidogo, walijua kengele imeshagongwa, sala imeshasemwa, na yeye, katibu wao, amekula faini tena. Hata watoto waliokuwa wakicheza kando ya njia hawakumwuliza kosa. Walimpisha tu.

Kosa lilikuwa lile lile. Klabu ya Rubondo ilikuwa changa, inalelewa na klabu ya Mbarara, na klabu ya Mbarara ni mojawapo ya vilabu vya muungano wa udugu na huduma ulioenea Uganda nzima. Wanachama wake ni wauza dawa, walimu, wafugaji, mawakili na wauza vipuri. Hukutana kila wiki, hula pamoja, hutaniana mpaka mbavu ziume, kisha huvua makoti wakaenda kuchimba choo cha shule au kupaka rangi wodi ya wazazi. Muungano huo una sheria nyingi ambazo hakuna anayezikumbuka, na moja ambayo hakuna anayeisahau: ndani ya klabu kila mtu huitwa kwa jina lake la kwanza. Hakuna Mheshimiwa, hakuna Daktari, hakuna Mchungaji, hakuna Mzee. Anayeteleza hupigwa faini. Kule Mbarara hutumbukiza sarafu kwenye bakuli. Rubondo, ambako sarafu ina kazi nyingine, fundi cherehani Barnabé, mwenyekiti wao, alikata shauri kwamba atakayeteleza atateka bidoni moja la maji kwenye pampu na kulipeleka kwa mtu asiyeweza kujitekea.

Wanachama waliizoea sheria hiyo upesi kuliko walivyotarajia. Mwanzoni, kumwita Ezira kwa jina tupu ilikuwa kama kumeza kiazi cha moto. Ezira mwenye mvi, aliyekuwa na ng'ombe wa kujaza bonde kule milimani Kivu Kusini kabla vita havijawatawanya wao na wenyewe, leo aitwe Ezira kama kijana wa kutumwa dukani? Lakini ulimi ni kiungo chepesi. Baada ya miezi michache ilikuwa Ezira huku na Ezira kule, na mwenyewe anaitika kwa furaha.

Wote, isipokuwa Umuhire. Umuhire alikuwa mkwe wake, mke wa mwanawe Semahoro, na kwao mwanamke hatamki jina la baba wa mumewe. Hatamki akiwa na hasira, hatamki akiwa na homa. Hakuna aliyemtisha, hakuna aliyemlazimisha. Ni adabu aliyokua nayo, akaolewa nayo, akakimbia nayo vita, na haikuwa tayari kutoka kwa sababu fundi cherehani kagonga kengele. Sisi ambao hatukuolewa kwa Ezira tunaweza kumtaja tunavyotaka. Yeye alimwita Baba, na Baba si jina la kwanza.

"Katibu amesema Baba," Barnabé alikuwa akitangaza, huku anachezea futi yake ya kitambaa iliyoning'inia shingoni. "Bidoni moja."

Na mambo hayakuishia kwenye klabu. Umuhire alifundisha watoto shule ya Jumapili, na kazi mojawapo ilikuwa kuwakaririsha vitabu vya Biblia. Basi kuna kitabu kimoja, kinachokuja baada ya Mambo ya Nyakati, ambacho kwa bahati mbaya kina jina la baba mkwe wake. Umuhire alikuwa akifika hapo anasema "na kile kinachofuata", halafu anaendelea na Nehemia kana kwamba hana hili wala lile. Siku mchungaji alipowasimamisha watoto mbele ya kanisa waonyeshe walichojifunza, wote walitamka kwa sauti moja safi: Mambo ya Nyakati, Kile Kinachofuata, Nehemia, Esta. Kanisa lilicheka mpaka kwaya ikasahau zamu yake. Ezira, aliyekaa benchi la mbele, alicheka kuliko wote.

Maji ya faini yalikwenda kwa Mukandayisenga, kikongwe mjane aliyeishi nyumba ya juu kabisa, ambako njia inakuwa ya mbuzi. Magoti yake yalikuwa yamegoma zamani na macho yalikuwa mbioni kuyafuata. Alikuwa anamsubiri Umuhire mlangoni kila Alhamisi, na bidoni tupu la wiki iliyopita ameshaliweka tayari.

*

Habari kubwa ilikuja na simu kutoka Mbarara. Natukunda, mkuu wa vilabu vyote vya upande wa magharibi, alikuwa ameridhika na kazi za Rubondo. Alisikia habari za mawe yaliyopangwa kuzunguka pampu ili watoto wasiteleze kwenye tope, na za vyoo vya shule ya msingi, na za foleni ya maji isiyo na ngumi. Aliwaita Jumamosi, kwenye ukumbi wa klabu mtaa wa Nyamityobora, wapokelewe rasmi.

Barnabé aliifungulia simu sauti ili wote wasikie utaratibu.

"Ni rahisi," Natukunda alisema kwa Kiswahili cha Mbarara, kile kinachojifunzwa kwa kufanya biashara na wanajeshi. "Katibu anasimama, anaita mtu moja moja, jina ya kwanza. Mtu anasimama, sisi tunaona uso yake. Kama jina haijasikika, huyo bado si mwanachama. Na kama watu haijafika ishirini, klabu bado si klabu. Hiyo tu. Halafu tunakula."

Wanachama wa Rubondo walikuwa ishirini. Walitazamana, kisha wote kwa pamoja, bila kukusudia, wakamgeukia Umuhire.

Umuhire aliitaka klabu ile kuliko alivyowahi kutaka kitu tangu afike Nakivale. Alikuwa amekwenda Mbarara mara moja kwa mafunzo ya makatibu, na ukutani mwa ukumbi ule aliona ubao wa mbao wenye majina ya vilabu: Mbarara, Masaka, Mbale, Gulu, Arua. Jina la mahali anapoishi alikuwa ameliona kwenye mahema, kwenye magunia ya unga na kwenye mabango ya wafadhili. Alitamani kuliona, walau mara moja, limeandikwa kati ya watu wanaotoa. Alirudi nyumbani akazunguka mlango kwa mlango kutafuta wanachama, na wa kwanza kukubali alikuwa Ezira.

Na Ezira naye. Tangu ang'olewe kwa ng'ombe wake, mzee alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta akitazama barabara isiyoleta kitu. Klabu ilimpa kazi ya kusimamia foleni ya pampu, na ghafla akawa na asubuhi ya kuamkia. Alisimama pale na fimbo ambayo hakuwahi kuinyanyua, akiamua nani kafika kwanza, na watu wakaacha kupigana. Kibeji kidogo cha klabu alikuwa amemwomba Barnabé akishonee mfuko wake peke yake kwenye koti.

Basi mkwe akawa amebanwa. Akimruka, mzee si mwanachama na klabu haipo. Akimtaja, atakuwa amemvunjia heshima mbele ya ukumbi mzima wa wageni, mzee ambaye mengine yote alishanyang'anywa.

Barnabé, ambaye kwa faini ni mkali lakini moyo wake ni laini, alijaribu kumwokoa. "Siku moja tu," alisema, "mimi nitasoma majina. Umuhire atapumuzika."

Aliyekataa ni Ezira mwenyewe. "Apana," alisema. "Kila mutu hapa Rubondo, nilishamwambia: mukatibu wa klabu ni mukwe wangu. Sasa niende mpaka kule Mbarara nimuone amekaa chini sababu ya jina langu? Atasoma yeye." Akachukua fimbo yake akaenda kwenye pampu, akiwaacha wanajikuna vichwa.

*

Umuhire alijikaza kisabuni. Asubuhi alikwenda kwenye shamba lao la maharage, mahali ambapo hapakuwa na masikio, akapanga midomo na kujaribu. Sauti ilifika kooni ikakaa. Alijaribu akiwa amefumba macho, akajaribu akiwa anapalilia, akajaribu kwa kujidai anamwita mtu mwingine mwenye jina kama hilo. Mwisho aliona aibu mbele ya maharage akarudi nyumbani.

Semahoro mumewe, mchuuzi wa maharage na unga kati ya Nakivale na Mbarara, alikuwa mtu asiyekosa mpango. Mipango yake mingi ilikuwa na tundu mahali fulani, lakini aliitoa kwa moyo mkunjufu.

"Mimi ni mutoto wake, mimi naweza kumutaja," alisema. "Siko mwanachama, nitakaa nyuma kabisa. Ukifika kwa jina lake, wewe kohoa. Ukikohoa, mimi nasema kwa nguvu. Batu bote batasikia jina, na hakuna atakayejua ni mudomo gani umelitoa."

"Na kama nitakohoa kwa sababu ya vumbi?"

"Basi usikohoe mbele ya wakati."

Alhamisi ile Umuhire alipeleka bidoni lake juu kama kawaida, maana hata kwenye mkutano wa maandalizi alikuwa ameteleza. Alitua bidoni, akamimina sehemu ya maji kwenye mtungi, akaketi kwenye kizingiti na kumwambia Mukandayisenga kila kitu.

"Mimi wangu nilikaa naye mpaka akafa," kikongwe alisema, akimaanisha baba mkwe wake. "Mpaka kwa mazishi nilimwita Mwenye Nyumba. Sikumutaja hata mara moja." Alipapasa mtungi kuona umejaa wapi. "Lakini wewe jaribu, mwanangu. Jaribu. Ila nikuulize kitu kimoja. Ukishajifunza kusema, mimi nitakunywa nini?"

Umuhire alicheka mpaka akashika ubavu, na kwa mara ya kwanza wiki ile aliteremka kilima bila kuukunja uso.

*

Jumamosi walisafiri kwa basi dogo la shule waliloazimwa, wanawake wamevaa vitenge vya sare, wanaume wamefunga tai ambazo Barnabé aliwashonea kutokana na vipande vilivyobaki. Hawakutaka kwenda mikono mitupu, kwa hiyo walibeba jogoo mwekundu, mkubwa, zawadi ya klabu changa kwa klabu mama. Jogoo aliachwa chini kwa mlinzi, amefungwa mguu kwenye nguzo.

Ukumbi ulikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi. Ubao wa vilabu ulikuwa pale pale ukutani, na chini ya jina la mwisho palikuwa na nafasi moja iliyosuguliwa upya. Umuhire aliiona nafasi ile kabla hajaona kitu kingine.

Natukunda alikuwa mwanamke mpana, mchangamfu, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka Masha, mwenye mkufu wa cheo uliomfika tumboni. Aligonga kengele, akawakaribisha, akawataja wenyeji wa Mbarara kwa majina matupu, kuanzia wakili hadi mpishi, ili Rubondo waone sheria inavyofanya kazi. Kisha akamwashiria Umuhire.

Umuhire alisimama na kuanza. Divine. Munezero. Chantal. Barnabé. Kila aliyetajwa alisimama, akapigiwa makofi, akaketi huku anarekebisha tai. Sauti yake ilikuwa imara. Alikuwa amempanga Ezira wa mwisho kabisa, kwa matumaini ambayo watu huwa nayo wanapoahirisha jambo, kwamba pengine mvua itanyesha au umeme utakatika. Mvua haikunyesha. Alifika mwisho, akainua macho kutazama nyuma ya ukumbi, na kiti cha Semahoro kilikuwa kitupu.

Dakika hiyo hiyo Semahoro alikuwa anakimbia katikati ya vibanda vya Nyamityobora, tai imemrukia begani, anamfukuza jogoo aliyekata kamba. Mlinzi alikuwa amemwita kwa mkono kutoka chini ya dirisha, na mume akashuka akijua kwamba majina kumi na tisa yatachukua muda. Jogoo naye hakuwa ameshauriwa kuhusu ratiba.

Umuhire alikohoa.

Ukumbi ulisubiri. Alikohoa tena, kwa nguvu zaidi, macho yameganda mlangoni. Alikohoa mara ya tatu, kikohozi kirefu chenye kuomba, na Divine aliyekuwa karibu akaanza kumpigapiga mgongoni.

"Mletee yeye maji," Natukunda aliagiza, na mpishi akakimbia na glasi.

Umuhire alikunywa glasi nzima polepole kuliko mtu yeyote aliyewahi kunywa maji Mbarara. Glasi iliisha. Mlango haukufunguka.

"Na... yule anayefuata," alisema.

"Anafuata nani?" Natukunda aliuliza kwa upole.

"Ni Baba."

"Bidoni moja," alisema Barnabé, kwa mazoea tu, na papo hapo akaufunika mdomo kwa mkono. Watu wa Rubondo walicheka. Watu wa Mbarara hawakuelewa, wakacheka kidogo kwa adabu.

Natukunda hakucheka. "Mama, mimi nataka kuwapa nyinyi klabu leo," alisema. "Lakini jina lazima isikike. Huyu mzee anaitwa nani?"

Umuhire alimtazama Ezira. Alikuwa amekaa wima, koti limefungwa vifungo vyote, kibeji kinang'aa kwenye mfuko wake maalumu, na hakumtazama mtu. Umuhire alihisi huruma ikimjaa mpaka machozini. Akaamua. Heri amkosee yeye adabu leo, amwombe msamaha maisha yake yote yaliyobaki, kuliko kumrudisha mzee huyu kwenye kivuli cha ukuta. Alipiga moyo konde, akafungua mdomo, na herufi ya kwanza ikatoka.

"Usiseme," Ezira alisema, na kusimama.

Mzee aligeukia meza ya mbele akavua kofia.

"Munisamehe, wewe mwenye mukufu, na ninyi bote. Huyu ni muke wa mutoto wangu. Kwetu muke wa mutoto hataji jina la baba wa bwana yake. Haina kiburi, ni heshima yake kwangu, na mimi sina ng'ombe tena, sina shamba, heshima hiyo njo mali iliyobaki. Lakini klabu anaipenda, na mimi ninaipenda. Basi mumuulize mimi ni nani. Hiyo anaijua vizuri. Jina, mimi nitajisemea."

Natukunda alikuwa ameweka nyundo yake ya kengele mezani. Alimtazama mzee, akamtazama Umuhire, na uso wake ukabadilika kabisa, kama mtu aliyekutana na jirani wa kwao ugenini.

"Mama Umuhire," alisema. "Sema. Huyu ni nani?"

Umuhire alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Hakuwa ameandaa neno hata moja.

"Huyu ni baba wa bwana yangu," alisema. "Wakati tulikimbia, mutoto wangu wa kwanza alikuwa na homa, na mimi nguvu iliniisha njiani. Yeye alinyanganya kitenge kwangu, akamufunga mutoto kwa mugongo, sawa mwanamuke. Mwanaume muzee, mwenye kuheshimiwa, amebeba mutoto kwa mugongo mbele ya batu bote. Batu banamucheka. Akabauliza kama wako na dawa ya homa, na kama hawana, batoke kwa njia. Alimubeba mpaka tukafika. Ule mutoto leo anasoma. Hapa Nakivale ni yeye anafanya batu bapange foleni ya mayi bila kupigana. Klabu hii, ni yeye wa kwanza alikubali. Siwezi kumutaja. Lakini huyo njo yeye."

Mzee alinyoosha koti lake. Kisha alisema, kwa sauti iliyofika mpaka duka la rangi chini:

"Ezira."

"Mimi nimesikia jina," Natukunda alisema haraka, akiwageukia wenzake wa Mbarara. "Nani hapa hajasikia?"

Hakuna aliyekuwa hajasikia. Wakili alianza kupiga makofi, mpishi akafuata, na ukumbi wote ukasimama. Natukunda aliinua mkono akaomba kusema kitu kimoja kabla ya chakula.

"Nyinyi mnajua mimi nimeolewa Masha. Baba ya bwana yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwanachama hapa hapa. Mliuliza kwa nini kila wiki mimi nakaa meza ya mbali na yeye. Wengine walisema tumegombana kwa sababu ya ng'ombe. Hatukugombana. Niliogopa mtaniambia nimwite." Alikaa chini, akashika mkufu wake. "Mpaka leo jina yake mimi sijasema."

Wanawake wengi wa Mbarara waliinamisha vichwa wakitabasamu. Na katikati ya kicheko kilichofuata, mtu mmoja alipaliwa na soda akakohoa. Mlango ulifunguka kwa kishindo. Semahoro alisimama pale jasho linamtiririka, jogoo chini ya kwapa, manyoya kichwani, na alikuwa amesikia kikohozi.

"Ezira," alipaza sauti kwa nguvu zake zote.

Baba yake alimgeukia. "Nimeshaingia, mwanangu," alisema. "Weka jogoo chini."

Kabla ya kuondoka walimwona fundi akipanda ngazi na brashi. Umuhire hakukubali basi liwashwe mpaka herufi zote zikae ubaoni. Rubondo, chini ya Arua. Alisimama akaitazama rangi ikiwa bado mbichi, na hakuona haya kulia.

*

Walifika nyumbani jua likiwa bado lina nguvu. Ndani ya basi Barnabé alikuwa ameshasafisha koo mara kadhaa, na waliposhuka akashindwa kujizuia.

"Klabu ni klabu sasa," alisema. "Na katibu alisema Baba ndani ya ukumbi, mbele ya mukubwa wa magharibi yote. Sheria ni ile ile. Bidoni moja."

Hakuna faini iliyowahi kupokelewa kwa furaha kama ile. Umuhire alikimbia nyumbani kuchukua bidoni, asilione mahali pake. Alilikuta kwenye pampu. Ezira alikuwa amelishika mkononi, koti amelivua na kulitundika kwenye ua, na alikuwa amesimama mwisho kabisa wa foleni. Waliokuwa mbele yake walihangaika, wakamsihi apite, wakampisha kwa mikono miwili. Alikataa.

"Mi nachunga foleni hii tangu lini?" aliwauliza. "Mimi njo niivunje?"

Rubondo mwanaume wa umri wake habebi maji. Vijana huyasukuma kwa baiskeli, wanawake huyabeba, wazee huyanywa. Zamu yake ilipofika, Ezira alijaza, akaviringisha kitambaa kikawa kata, akamwomba mtu amtwishe.

"Baba, leta hapa," Umuhire alisema, amenyoosha mikono yote miwili.

"Faini ni ya jina langu," mzee alisema. "Nitaibeba."

Walipanda kilima, mzee mbele, mkwe nyuma ameinua mikono kana kwamba anataka kulidaka anga lisianguke. Watu walitoka nje ya nyumba zao kutazama. Maji yaliruka yakamlowesha mzee mabega na shati lake jeupe la Mbarara, shingo ilimtetemeka kidogo, lakini hatua hakupunguza. Kwenye kona ya njia ya mbuzi alipumzika mara moja, akacheka peke yake, akaendelea.

Mukandayisenga alikuwa mlangoni akipukuchua mahindi. Alisikia nyayo, akakunja macho, akaona umbo refu ambalo halikuwa la Alhamisi.

"Ni nani huyo analeta mayi?" aliuliza.

Ezira alikuwa anatweta, hana pumzi ya kujibu. Aligeuka na bidoni lake kichwani akamtazama mkwe wake, na macho yake yalikuwa yanacheka. Umuhire alifungua mdomo.

"Ni Baba," alisema.

Mzee alitua bidoni taratibu kwenye kizingiti, akajifuta uso kwa kiganja, akasubiri pumzi imrudie.

"Bidoni moja," alisema.

Mukandayisenga alikuwa ameshawasogezea lile tupu.